Magunia ya Mahindi na Pembe ya Mchoraji



Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za hapa Mbalizi pembe yenye mwanga mzuri kuliko zote huwa imekaliwa na magunia ya mahindi. Wala si ajabu. Mahindi ni chakula cha mwaka mzima, na mwenye busara huyaweka mahali pakavu penye hewa. Nyumbani kwetu nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Magunia manne yalipangwa chini ya dirisha la chumba cha nyuma, na kwa miaka mingi hakuna aliyewaza kwamba pale pangeweza kukaa kitu kingine. Tulipolazimika kuchagua baina ya magunia yale na mtoto wetu, ndipo tulipojifunza haya tunayoyaandika juma hili.

Binti yetu wa tatu alianza kuchora akiwa darasa la nne. Alichora maua, majani ya migomba, nyota za pembe sita na za pembe nane, na herufi za Kiarabu alizozipata madrasa. Alichora nyuma ya kalenda zilizopitwa na mwaka na pembezoni mwa madaftari. Siku moja ya mvua alichora kwa mkaa juu ya ukuta wa sebule uliokuwa umepakwa chokaa siku mbili tu kabla. Tulimgombeza, tukaupaka ukuta upya, tukaona tumemaliza.

Kumbe hatukuwa tumemaliza. Alipoingia kidato cha kwanza tulianza kumkosa nyumbani baada ya swala ya Alasiri. Akiulizwa, hujibu kwamba alikuwa kwa jirani. Tuliridhika, kwa kuwa jirani yule ni mtu wa heshima na nyumba yake tunaijua. Kisha ikatokea harusi mtaani. Kina mama wa kwetu waliporejea walisimulia hina aliyopakwa bibi harusi, jinsi mistari ilivyokuwa myembamba na jinsi ua moja lilivyoanza kiganjani na kuishia kwenye kiwiko. Walikuwa wameuliza ni nani aliyempamba, wakajibiwa kwa kicheko: “Mnatuuliza sisi? Si mtoto wenu huyo!”

Kwa muda wa mwaka mzima mtoto alikuwa akijifunza kazi ile juu ya meza ya jirani, kwa sababu jirani alimpa meza na sisi tulimpa karipio. Tunalisema hili kwa aibu, lakini tunalisema kwa kuwa tunaamini hatuko peke yetu. Jirani yule alikuwa mwema, na tunamwombea Allah amlipe kheri. Lakini mtoto anayetoka nyumbani kwao kutafuta nafasi hana uhakika ni mlango gani utakaofunguliwa mbele yake, na mzazi aliyemnyima pembe hatakuwapo mlangoni hapo.

Je, nyumba ya Muislamu ina nafasi ya sanaa?

Wapo wazazi watakaotuuliza swali hili kabla ya kutuuliza bei ya meza, na wana haki ya kuliuliza. Kalamu imetajwa katika aya za mwanzo kabisa kuteremshwa, na ipo sura nzima inayoitwa kwa jina lake. Wazee wetu wa mwambao waliuchukua wito huo kwa mikono yao. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate nchini Kenya, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa mkono na kuizungushia nakshi za wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na baadhi ya misahafu hiyo ipo hadi leo. Mafundi wa Lamu na Unguja walichonga milango ambayo wageni husafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Watu hawa walifanya kazi katika mabaraza na nyumba za kawaida, huku wakilea watoto na kuhudhuria swala.

Ama kuhusu kuchora viumbe vyenye roho, jambo hilo lina mjadala wake miongoni mwa wanazuoni, na safu hii ya familia si mahali pa kulitolea hukumu. Shauri letu ni kwamba wazazi wamwulize sheikh wanayemwamini, wakubaliane wao kwa wao, kisha wamweleze mtoto kwa upole kabla hajaanza kazi. Kumkataza akiwa tayari ameshamaliza picha humvunja moyo. Sisi nyumbani tumekubaliana kubaki katika khati, nakshi, mimea na mandhari. Aliyeutazama mlima Mbeya asubuhi baada ya mvua, ukungu ukiwa umefika kiunoni mwake, hatasema kwamba amekosa cha kuchora.

Bibi na ukili wake

Kabla hatujazungumza juu ya meza na madirisha, tumtaje bibi wa nyumba yetu, aliyekuja huku Mbeya na mumewe kutoka pande za Kilwa akiwa bado kijana. Alisuka mikeka hadi uzeeni. Makuti machanga ya mkindu aliletewa na wasafiri yakiwa yamekwisha kuanikwa. Yeye aliyachana, akachemsha sehemu yake kwa rangi, akayalowesha kidogo ili yasikatike, kisha akayafunika kwa kitambaa chenye maji. Alisuka ukili mrefu, akauzungusha kama kamba, na ulipotosha akaushona kuwa mkeka.

Hakuwa na chumba cha kazi. Alikuwa na kigoda, kapu moja, na sehemu yake ya baraza. Kila siku baada ya kupika cha mchana aliketi pale pale. Hakuna mtoto aliyegusa kapu lake, na hakuna mgeni aliyeketi juu ya kigoda chake bila kuambiwa, “Hapo pa bibi.” Tulipokuwa tukihangaika na pembe ya binti yetu tulimkumbuka, tukatambua kwamba alikuwa na kila kitu anachokihitaji mtu wa sanaa: mahali pasipobadilika, vyombo vilivyo karibu na mkono, saa inayojulikana, na watu wa nyumbani wanaoiheshimu kazi yake. Mengine yote ni nyongeza.

Mfano mwingine ni wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora jijini Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, akifanya kazi nje, chini ya mti. Hakusubiri apate chumba. Alitumia vitu vilivyopatikana madukani kwa bei aliyoimudu, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji wa Tanzania. Yeye alichora ndege na wanyama, jambo ambalo kila familia italipima kwa namna tuliyokwisha kuitaja. Tunachokichukua kwake ni ile hatua ya kuanza na kilichopo.

Kosa letu la kwanza

Baada ya habari ya hina tulitaka kurekebisha mambo kwa haraka. Tulimwendea seremala, tukaagiza meza ya mbao za paini, tukaiweka sebuleni mahali pa heshima, tukatandika kitambaa kipya. Tulijipongeza. Wiki tatu zikapita, na binti hakuketi pale hata mara mbili. Tulipomuuliza, alijibu kwa adabu lakini bila kuficha: “Mama, pale si pangu. Pale ni pa wageni.”

Alisema kweli. Kila mgeni alipobisha hodi ilibidi akusanye karatasi zake. Rangi isingekauka kabla ya chai kuletwa. Ndugu zake walitazama televisheni nyuma ya kichwa chake, na kila aliyepita alitoa maoni juu ya mchoro ambao haujafika nusu. Tulikuwa tumeandaa mahali pa kutuonyesha sisi kuwa wazazi wema.

Tukamwambia atembee nyumba nzima achague mwenyewe. Hakutumia muda mrefu. Alikwenda chumba cha nyuma, akasimama mbele ya magunia ya mahindi, akasema, “Hapa, kama mtaweza.” Hilo “kama mtaweza” lilituchoma zaidi ya lawama. Tuliyahamisha magunia ukumbini, juu ya vichanja vya mbao, na hatutawaficha wasomaji gharama yake. Gunia moja lilishika unyevu kwa kuwa tulilisogeza mno ukutani, tukapoteza madebe mawili ya mahindi. Yalituuma. Lakini tulikuwa tumekwisha kupima hasara kubwa zaidi, tukasonga mbele.

Dirisha lililo nyuma ya mgongo

Kwa nini mtoto aliichagua pembe ile? Aliona tu kwamba pale mwanga hautikisiki. Baadaye tulipokaa kulichunguza jambo hili tuligundua kwamba lina hesabu yake, nayo ni nyepesi.

Vitabu vingi vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya humshauri mchoraji atafute dirisha linalotazama kaskazini. Kwao ni sahihi, kwa kuwa jua lao hupita kusini mwaka mzima. Sisi wa Mbalizi tuko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua letu la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa upande wa kusini, lakini hupita juu sana, karibu na utosi, kiasi kwamba upenu wa bati hulizuia lisiingie ndani. Kwa hiyo dirisha linalotazama kusini ndilo lenye mwanga mtulivu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Na kwa kuwa Kibla chetu huku Mbeya ni kaskazini, kikielemea kidogo mashariki, kila familia ya Kiislamu inajua tayari kuutafuta upande huo bila dira. Simama unapoelekea unaposwali. Dirisha lililo nyuma ya mgongo wako ndilo dirisha la mchoraji.

Asiye na dirisha upande huo asikate tamaa. Dirisha la mashariki hufaa kuanzia saa tano hivi, jua likishapanda. La magharibi hufaa asubuhi, maana jioni mwanga huwa mwekundu na hudanganya rangi. Kitambaa chembamba cheupe kilichotundikwa dirishani hulainisha jua kali. Njia ya kupima ni hii: weka karatasi nyeupe mahali unapopafikiria, simamisha penseli juu yake, na utazame kivuli asubuhi, adhuhuri na baada ya Alasiri. Kivuli kikiwa chepesi na chenye kingo laini nyakati zote tatu, mahali hapo panafaa.

Mwanga uje kutoka upande usio wa mkono wa kazi. Anayeandika kwa mkono wa kulia auweke kushoto kwake, na wa kushoto auweke kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya mstari anaouchora. Taa ya usiku ifuate kanuni hiyo hiyo, nayo iwe ya mwanga mweupe. Umeme unapokatika, taa ya kuchaji inatosha. Koroboi na mshumaa visikaribie karatasi na rangi.

Meza, kuta na vyombo

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya mbao. Shamba la miti la Sao Hill, huko Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote nchini, na mbao za paini zinapatikana kila mji. Huna haja ya meza ya fahari. Ubao mmoja mpana uliopigwa msasa vizuri, ukawekwa juu ya vigogo viwili au masanduku mawili ya matunda, ni meza kamili. Urefu wake ufike kwenye viwiko vya mtoto akiwa ameketi. Kwa khati na nakshi ndogo, weka tofali chini ya ukingo wa mbali wa ubao ili uinamie kwa mchoraji. Shingo na mgongo vitapumzika, na jicho litaiona kazi yote kwa usawa.

Ukuta ulio mbele ya meza upakwe chokaa nyeupe, usiwekewe mapambo mengi. Tulibandika hapo ubao mmoja tu ambao mtoto hutundika kazi anayoifikiria. Kazi ikitazamwa kwa siku kadhaa kutoka mbali hujionyesha makosa yake yenyewe. Sisi hatupangi kitu katika ubao ule wala hatukiondoi.

Karatasi zisiwe kisingizio. Manila ya dukani hukatwa vipande vinne na bei yake hugawanyika. Mifuko ya saruji ya karatasi ina tabaka zaidi ya moja, na ile ambayo haikugusana na saruji ni kaki safi na imara. Mkaa na chaki nyeupe huonekana vizuri sana juu yake. Kazi ya kuufungua mfuko aifanye mtu mzima, nje ya nyumba, akiwa amefunika pua, kwa sababu vumbi la saruji huchoma ngozi na kuumiza mapafu.

Kwa anayetaka kujifunza khati, kalamu yake inaota mabondeni. Kata tete lililokomaa, likaushe kivulini hadi ligonge kama mfupa, kisha mtu mzima alichonge ncha kwa kisu kikali, aikate kwa mshazari na kuipasua katikati ili wino upite. Wino wa wazee hutengenezwa kwa masizi laini yaliyochekechwa, yakasagwa kwa muda mrefu pamoja na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa katika maji. Mtoto atachafuka. Apewe shati kuukuu na beseni la maji, aachwe achafuke.

Kazi ya juma la kwanza iwe nyepesi na yenye matokeo. Chora duara kwa bikari, au kwa uzi uliofungwa msumarini. Bila kubadilisha upana wa bikari, anzia popote juu ya duara na upige alama baada ya alama. Utazunguka mara sita na kurudi ulipoanzia. Unganisha alama hizo moja baada ya kuruka moja, utapata pembetatu mbili zinazokumbatiana, nazo ni nyota ya pembe sita. Kutokana na nyota hiyo moja huzaliwa nakshi zisizo na idadi. Tulimwona mtoto wetu mdogo wa miaka minane akirudia duara lile jioni nzima, akihesabu kwa sauti kila mara kana kwamba safari hii huenda zikawa saba.

Mahali pa kuhifadhia tumepata kwa majirani wetu wa nyanda hizi. Chungu kidogo cha Wakisi, wale kina mama wafinyanzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, husimamisha kalamu na brashi bila kuanguka. Kapu la milulu kutoka Iringa hupokea karatasi zilizokunjwa. Vyote viwili vimetengenezwa na mikono ya watu walioketi majumbani mwao, na mtoto akivitazama kila siku anajua kwamba kazi ya mkono ina wenyewe.

Jambo moja lahitaji uangalifu. Karatasi za mazoezi zilizoandikwa aya au majina ya Allah zisichanganywe na takataka wala zisiachwe sakafuni. Tumeweka boksi dogo lenye mfuniko, mahali pa juu, kwa ajili ya karatasi hizo peke yake, na likijaa huhifadhiwa kwa namna tuliyoelekezwa na walimu wa madrasa.

Mvua, vumbi na baridi

Mwaka wa kwanza tulisahau kwamba tunaishi Mbalizi. Kazi zote za miezi minane zilikuwa zimeviringishwa na kusimamishwa pembeni, zikigusa sakafu ya saruji. Mvua zilianza Novemba. Mwezi wa Machi tulipofungua tulikuta ukungu wa kijani umepanda hadi katikati, na nyingine zimegandamana. Binti hakulia mbele yetu. Alizitandaza uwani juani, akazichagua moja moja, akapata saba zilizosalimika, kisha akaomba misumari minne na ubao. Rafu hiyo aliigongelea mwenyewe.

Tangu siku hiyo kanuni ni tatu. Karatasi zilazwe, zisiviringishwe, ndani ya boksi lenye mfuniko. Boksi likae juu ya rafu, si sakafuni. Na kati ya rafu na ukuta kuwe na nafasi ya kiganja ili hewa ipite. Mahindi yalitufundisha kanuni hizi miaka mingi kabla, ila hatukufikiri kwamba karatasi nazo zinastahili heshima ya mahindi. Kiangazi kina adha yake: upepo na malori ya barabara kuu iendayo Tunduma huleta vumbi jekundu. Kanga kuukuu iliyotandazwa juu ya meza jioni inatosha kulizuia.

Juni na Julai ndiyo miezi ya kutahadhari zaidi. Baridi ya kwetu huganzisha vidole, na wengi hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani. Tunawasihi wazazi kwa msisitizo wote: msifanye hivyo katika chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu usingizini. Mtoto avae sweta na soksi nzito, aketi juu ya kipande cha godoro, na afanye kazi saa za mchana jua linapokuwa limepasha moto bati. Kadhalika rangi za mafuta, tapentaini na thina zitumike nje au dirisha likiwa wazi, zifungwe vizuri, na zisilazwe katika chumba wanacholala watoto. Kwa chipukizi, rangi za maji zinatosha kabisa.

Saa ya kazi na haki ya masomo

Mzee wa nyumba alikuwa na hofu moja ambayo hatukuipuuza: mtihani wa kidato cha pili. Tulikaa naye na binti, tukapanga. Baada ya Alasiri saa moja ni ya pembe ile. Adhana ya Magharibi ikilia kalamu huoshwa, na baada ya Isha ni vitabu vya shule. Ijumaa na Jumamosi huongezewa muda. Wakati wa saa yake hatumtumi dukani wala kisimani isipokuwa kwa dharura, na ndugu zake wanajua kwamba kisu na kalamu za pembe ile hazichukuliwi bila ruhusa. Yeye kwa upande wake hufagia, hukunja na huacha meza tupu. Mkataba ukiwa wa pande zote mbili hauhitaji kelele.

Tunawaonya pia wazazi wenye uwezo. Kununua vyombo vingi vya gharama siku ya kwanza ni israfu, na humtia mtoto hofu ya kuviharibu. Wasio na uwezo wasikope kwa jambo hili. Sisi tulilipa meza moja, mbao za rafu na bati dogo la chokaa. Yaliyobaki tuliyapata nyumbani, bondeni na katika soko la Mwanjelwa. Wala msimwulize mtoto kila siku kazi hii itamletea fedha gani. Inaweza kumletea; hina ya maharusi hulipwa, na michoro ya kofia na vitambaa ina wanunuzi. Lakini mtoto anayechora chini ya swali hilo hataki tena kujaribu kitu kinachoweza kuharibika.

Binti yetu sasa yumo nyumbani baada ya Alasiri. Hachori kila siku. Siku nyingine huketi tu mbele ya dirisha akitazama mvua ikija kutoka Umalila, nasi tumejifunza kutomwuliza anafanya nini. Jirani aliyempokea zamani zile amekuja kutuomba jambo. Naye ana mtoto wa kiume wa miaka kumi anayechora kwenye kuta, na kwake wamepangisha chumba cha uwani, hakuna nafasi. Tumesogeza ubao, tumeongeza kigoda cha pili. Deni lile tusingeweza kulilipa kwa namna nyingine.

Ndugu msomaji, kabla jua la leo halijazama, zunguka nyumba yako ukiwa na karatasi nyeupe na penseli, na mtoto wako akiwa kando yako. Tazameni vivuli pamoja. Huenda pembe iliyo bora imekaliwa na kitu kinachoweza kuhamia mahali pengine, ilimradi kisiguse ukuta.

Tunamwomba Allah atujaalie majumba yenye kheri na watoto watakaokuwa tulizo la macho yetu. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.